Kula na Kunywa Malta: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Migahawa na Baa za Kokteli

Asubuhi yangu ya kwanza Malta nilisimama kwenye foleni ya kibanda cha vitafunio, nyuma ya mzee mmoja aliyekuwa akiagiza kwa sauti ya chini. Sikuelewa maneno yake, mpaka alipofika kwenye hesabu. "Sitta." Muuzaji akahesabu vipande sita. Nikashtuka kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa ugenini.

Kimalta ni lugha yenye mizizi ya Kiarabu. Waarabu walikitwaa kisiwa mwaka 870, Wanormani wakaingia 1091, watawala wakaendelea kubadilishana kwa karne nyingi, lakini lugha haikuondoka. Leo huandikwa kwa herufi za Kilatini, imejaa maneno ya Kisisilia na Kiitaliano, na ndiyo lugha pekee ya Kisemiti kati ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Kiingereza nacho ni lugha rasmi, kwa hiyo hutakwama popote. Ila anayezungumza Kiswahili ana faida ambayo watalii wengi hawana, na mwongozo huu umejengwa juu ya faida hiyo.

Kanuni yangu kwa kisiwa hiki ni moja: anza na chakula, kisha tafuta mahali kinapopikwa vizuri. Ukianza na jina la mgahawa ulilolikuta kwenye simu, utaishia kwenye meza ileile wanayokaa watalii wote. Ukianza na sungura, au na samaki wa msimu, utapelekwa kijijini.

Hatua ya kwanza: chagua msimu

Malta ni ndogo. Visiwa vyote vyake kwa pamoja vina kilomita za mraba 316 tu. Udogo huo haumaanishi kwamba kila kitu kinapatikana kila siku, kwa sababu jikoni za kisiwa bado zinafuata kalenda ya bahari na ya kanisa.

Ukitaka samaki anayependwa kuliko wote, nenda kati ya nusu ya pili ya Agosti na Desemba. Huo ndio msimu wa lampuki. Samaki huyu hupenda kivuli, nao wavuvi wanaijua tabia yake. Hutandaza baharini maboya yenye makuti ya mtende, wenyewe huyaita kannizzati, samaki hukusanyika chini yake kujificha jua, kisha nyavu huzungushwa. Msimu hufunguliwa tarehe 15 Agosti. Nje ya msimu, ukiona lampuki kwenye menyu, uliza kama ametoka kwenye barafu. Hukaangwa, au huokwa ndani ya unga pamoja na mboga, zeituni na kapari, vile vichipukizi vichachu vya maua. Pai hiyo huitwa torta tal-lampuki, na ikipoa kidogo ni tamu zaidi.

Majira ya kuchipua, kati ya Machi na Mei, tafuta kusksu. Jina lisikudanganye, si kuskusi ya Morocco. Ni supu ya maharage mabichi mapana yenye punje ndogo za tambi na jibini changa ya kisiwani. Ndio wakati wa Kwaresima pia, na Wamalta huiita Kwaresima Randan, neno lililotokana na Ramadhani. Wakatoliki hawa wanafunga kwa jina la mfungo wa Waislamu! Kipindi hicho maduka ya keki huuza kwareżimal, vitafunwa vya lozi na asali visivyo na siagi. Pasaka huletwa figolla, biskuti kubwa yenye umbo la samaki au mwanasesere, iliyojazwa lozi zilizosagwa.

Julai na Agosti ni joto kali na umati. Mimi napendelea Oktoba: bahari bado ina uvuguvugu, lampuki wapo, na meza nzuri haihitaji kugombewa.

Hatua ya pili: soma menyu kwa masikio ya Kiswahili

Jifunze herufi chache tu. X husomwa sh. J husomwa y. Ġ ni j yetu, ċ ni ch, na għ mara nyingi haitamkwi. Kwa hiyo Marsaxlokk ni "Marsashlok", na Mġarr ni "Mjar". Baada ya hapo, isome menyu kwa sauti, kwa sababu sikio litatambua kabla ya jicho.

Għasel ni asali. Sukkar ni sukari. Lewż ni lozi. Tin ni tini. Tuffieħ ni tufaha. Tewm ni kitunguu thomu. Mkate ni ħobż, na ndugu zetu waliokulia Maskati na Dubai wataujua mara moja. Hesabu nazo: sitta, sebgħa, disgħa ni sita, saba, tisa, għoxrin, tletin, ħamsin ni ishirini, thelathini, hamsini, mija ni mia na elf ni elfu. Ukimsikia muuza samaki sokoni akimtajia bei mwenyeji, utaishika.

Ila kuna mitego mitatu, nayo ina gharama.

Wa kwanza ni bżar. Utadhani ni bizari, kumbe ni pilipili.

Wa pili ni siku za wiki. Il-Ħamis ni Alhamisi na Il-Ġimgħa ni Ijumaa, hapo hakuna shida. Lakini Wamalta huhesabu kuanzia Jumapili, kama Waarabu. It-Tlieta, "ya tatu", ni Jumanne. It-Tnejn, "ya pili", ndiyo Jumatatu. Ukiona mlangoni pameandikwa "Magħluq it-Tnejn", wamefunga Jumatatu, siku ambayo migahawa mingi hupumzika. Rafiki yangu aliichanganya, akavuka kisiwa kizima kwa basi kwenda kutazama mlango uliofungwa.

Wa tatu ni muhimu kwa msomaji Mwislamu. Unaweza kulitafuta neno hanziri kwenye menyu, usilione, ukatulia. Kwa Kimalta mnyama ni ħanżir, lakini nyama yake mezani huandikwa majjal. Soseji ya kisiwani, zalzett, ni ya nguruwe. Makaroni ya kuoka, imqarrun il-forn, inaweza kuwa na nguruwe ndani ya nyama ya kusaga. Hata unga wa baadhi ya vitafunio hukandwa kwa shahamu ya nguruwe, hivyo uliza kila mara, na hakuna atakayekuona msumbufu. Migahawa ya halali ya Waturuki, Walibya, Wasiria na Wahindi ipo, hasa Msida, Gżira na Ħamrun, na msikiti mkubwa uko Paola.

Hatua ya tatu: asubuhi ni ya pastizzi

Usile kifungua kinywa hotelini. Tafuta pastizzeria, kijiduka chenye tanuri nyuma na kaunta mbele, watu wamesimama. Pastizzi ni mikate midogo ya tabaka nyembamba zinazovunjika mdomoni, yenye jibini laini (tal-irkotta) au njegere zilizopondwa (tal-piżelli). Kipande kimoja kwa kawaida hakifiki euro moja. Ya jibini ina umbo la jicho, ya njegere hukunjwa upande mmoja, kwa hiyo ukishazoea huhitaji hata kuuliza.

Mahali panapotajwa na kila mtu ni Crystal Palace, mjini Rabat, hatua chache kutoka lango la mji mkongwe wa Mdina. Ni kaunta, vigoda vichache na chai ya maziwa kwenye glasi. Kaa hapo nusu saa. Watapita madereva wa mabasi, mapadri, vijana wanaotoka kwenye starehe za usiku na wazee wanaokwenda misa, wote wakila kitu kilekile. Sijaona mahali pengine kisiwani panapokutanisha watu namna ile.

Mchana ukiwa njiani, omba ħobż biż-żejt: mkate uliopakwa nyanya, ukamwagiwa mafuta ya zeituni, ukatiwa jodari, zeituni na kapari. Ukitengenezwa kwa ftira, mkate bapa wa duara wenye tundu katikati, ni bora zaidi. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza sanaa ya ftira kwenye orodha yake ya turathi zisizoshikika. Huko Valletta, mji mkuu, mgahawa wa Nenu the Artisan Baker huioka kwenye tanuri la zamani, na unaweza kuwatazama wakifanya kazi.

Hatua ya nne: mchana, fuata boti, kisha uliza bei

Marsaxlokk ni kijiji cha wavuvi kusini mashariki. Marsa ni bandari, na xlokk ni upepo wa kusini mashariki. Boti zao, luzzu, zina macho mawili yaliyochorwa usoni kulinda chombo, na mtu wa Lamu au Unguja aliyezoea macho yanayochorwa kwenye mitepe na majahazi ataelewa bila kufafanuliwa. Jumapili asubuhi kuna soko kubwa la samaki, na nusu ya kisiwa huwa hapo. Soko lione Jumapili, lakini kula uende siku ya kazi, maana Jumapili jikoni huelemewa na wahudumu hukimbizana.

Kuchagua mgahawa kando ya bandari kuna taratibu zake. Pita wote bila kukaa. Ruka penye picha za chakula ubaoni na mtu anayekuvuta mkono. Tafuta penye karatasi fupi iliyoandikwa leo, na familia za Kimalta zenye bibi na wajukuu. Kisha uliza: "X'hemm frisk illum?", yaani kuna nini kibichi leo. Tamka "shem frisk illum". Watakujibu kwa Kiingereza, lakini watakuletea trei.

Hapo kwenye trei ndipo nilipoumia. Katika mgahawa mmoja wa pwani nilionyeshwa samaki mzuri, nikaashiria kwa kidole, nikala kwa furaha. Bili ilipokuja, samaki yule peke yake alizidi bajeti yangu ya siku mbili. Samaki mzima huuzwa kwa uzito. Mwombe mhudumu ampime mbele yako na akutajie bei ya samaki huyo mwenyewe, si ya kilo tu, kabla hajaingia jikoni. Hilo ni jambo la kawaida na wenyeji hulifanya. Kama unabana matumizi, agiza aljotta, mchuzi mwepesi wa samaki wenye kitunguu thomu na nyanya, au pweza wa kupikwa taratibu, stuffat tal-qarnit. Mpwani atakaa kimya mbele ya sahani hiyo ya pweza.

Jambo ambalo watalii hulipita bila kuliona ni każin tal-banda, klabu ya bendi ya matarumbeta. Karibu kila mji unayo, na mingi ina mbili zinazoshindana wakati wa sikukuu ya mtakatifu wao. Ndani kuna baa, ukuta wenye picha za marais wa klabu waliokufa zamani, na mara nyingi chakula cha nyumbani kwa bei ya wenyeji. Mlango ukiwa wazi, ingia, salimia "bonġu", agiza kinywaji. Valletta, klabu ya King's Own iko barabara kuu kabisa, Republic Street, na hata hivyo wengi huipita wakienda kulipa mara mbili mbele yake.

Hatua ya tano: siku moja mpe sungura

Fenek, sungura, ndiye chakula cha taifa. Mlo wake kamili huitwa fenkata, na ni shughuli ya kundi, ya saa tatu, ya meza ndefu. Huanza tambi kwa mchuzi wa sungura, kisha nyama yenyewe, ama ya kukaangwa kwa kitunguu thomu, ama iliyochemka taratibu kwenye divai. Asiyetumia divai aagize ya kukaanga, na aulize kama haikulowekwa humo kwanza.

Nenda kijiji cha Mġarr, magharibi mwa kisiwa, au Baħrija. Angalia sana: kuna Mġarr mbili. Moja ni kijiji hiki, nyingine ni bandari ya kisiwa cha Gozo. Ukiandika tu "Mġarr" kwenye simu unaweza kujikuta unaelekea kwenye feri. Piga simu kabla, hasa Jumapili mchana, kwa kuwa meza zote huwa za familia. Na ukiwa Malta usiku wa kuamkia 29 Juni, nenda msitu wa Buskett kwenye sikukuu ya L-Imnarja, ambako watu hula sungura chini ya miti huku nyimbo za kienyeji zikiimbwa.

Hatua ya sita: meza ya gharama, kama ipo kwenye bajeti

Michelin, kampuni ya Kifaransa inayopima migahawa kwa nyota, ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa Malta mwaka 2020 na kuipa nyota migahawa mitatu: Noni na Under Grain mjini Valletta, na De Mondion huko Mdina. Mwaka 2024 ION Harbour, inayotazama Bandari Kuu ya Valletta, ilikuwa ya kwanza kupata nyota mbili. Orodha hubadilika kila mwaka, kwa hiyo ihakiki kabla ya kulipa. Ushauri wangu ni kutazama zaidi ile alama yao ya chakula kizuri kwa bei ya wastani. Commando ya Mellieħa na Rubino ya Valletta zimewahi kuipata. Rubino ilianza 1906 kama duka la keki, na bado ina sura ya duka. Hapo mpishi anapika vyakula vya bibi zake kwa uangalifu, na kwangu mimi ladha hiyo haijashindwa na povu lolote la mgahawa wa nyota.

Hatua ya saba: jioni, kokteli

Watakwambia uende Paceville. Ni mtaa wa disko, muziki juu, vinywaji vya haraka kwenye vikombe vya plastiki. Kijana wa miaka 20 ataufurahia. Anayetafuta kinywaji kilichochanganywa kwa akili abaki Valletta.

Anzia Strait Street, kichochoro kirefu chembamba kinachokata mji. Mabaharia wa Kiingereza walikiita The Gut, na kwa miongo mingi kilikuwa na baa, bendi za jazi na kumbi za kucheza mlango kwa mlango. Jeshi la Uingereza lilipoondoka tarehe 31 Machi 1979, wateja waliondoka nalo, na mabango yakabaki yakichakaa juu ya milango iliyofungwa. Uhai ulirudi taratibu, hasa kuelekea 2018, Valletta ilipokuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Leo baa ya Yard 32 inajulikana kwa jini, ile pombe kali, za kila aina. Upande wa kusini wa mtaa kuna Trabuxu, baa ya divai ndani ya pishi la mawe. Jina lake maana yake ni kizibuo. Café Society imepangwa juu ya ngazi za mtaa, bahari ikionekana chini. Na Ijumaa za kiangazi, Bridge Bar hutandika mito kwenye ngazi za barabarani, jazi inapigwa, watu wanakaa chini kama barazani. Fika mapema, mito huisha.

Baa usiyoijua utaipima hivi. Tazama barafu: vipande vikubwa, vikavu, si chenga zinazoyeyuka. Tazama ndimu: zinakamuliwa hapo, au maji yake yanatoka chupani? Halafu muulize aliye kaunta ana nini cha kisiwani. Hili ndilo swali linalofungua mlango. Anayeipenda kazi yake atakutajia bajtra, kileo cha tunda la dungusi, sharubati ya harubu, yale maganda matamu ya mtini, ġulepp tal-ħarrub, ambayo akina mama huwapa watoto wenye kikohozi, au Kinnie. Kinnie ni soda ya machungwa machungu na mitishamba, imetengenezwa Malta tangu 1952. Mara ya kwanza utakunja uso. Mara ya tatu utaitafuta. Huchanganywa na vodka au ramu, lakini yenyewe haina kileo, na ikiwekwa barafu na kipande cha chungwa, asiyekunywa pombe ana kinywaji cha heshima mkononi. Sharubati ya harubu na ndimu na soda nayo huchanganywa ukiomba.

Kokteli nzuri Valletta huwa kati ya euro 10 na 15. Bia ya kisiwani, Cisk, hutamkwa "chisk". Kwa divai, omba za zabibu za kienyeji: Girgentina ni nyeupe, Ġellewża ni nyekundu. Ukigonganisha glasi, sema "saħħa". Ni neno letu siha, afya, na hutumika pia kuagana.

Kurudi kulala, usiendeshe. Teksi za Bolt na eCabs hufanya kazi usiku, na ukiwa umekaa Sliema au miji mitatu ya ng'ambo ya bandari, hakikisha saa ya feri ya mwisho kabla ya kuagiza glasi ya pili. Bakshishi si lazima. Asilimia 5 hadi 10 kwa huduma nzuri inatosha, ila tazama kwanza kama haijaongezwa kwenye bili.

Hatua ya nane: Gozo, kwa ajili ya tanuri

Toa siku nzima kwa Gozo. Feri kutoka Ċirkewwa huchukua kama dakika 25, na kwa kawaida hutozwi nauli ukienda, unalipa unaporudi. Kisiwa hiki ni kitulivu zaidi, kina mashamba zaidi, na ndiko kwenye ġbejna, jibini ndogo za duara za maziwa ya kondoo au mbuzi. Kuna mbichi laini, kuna zilizokaushwa, kuna zilizofunikwa pilipili. Ndani ya ngome ya Ċittadella, Ta' Rikardu huziandaa na mkate, nyanya na divai yao.

Lakini kilichonirudisha Gozo mara ya pili ni ftira ya huko. Haifanani na ile ya Malta. Hii iko wazi juu, ina vipande vyembamba vya viazi, nyanya, dagaa wa chumvi na kapari, au ġbejna na mayai, nayo huokwa kwenye tanuri la mawe. Kijijini Nadur kuna matanuri mawili maarufu, Mekren na Maxokk. Piga simu asubuhi, taja unachotaka na saa utakayofika. Si mahali pa kukaa. Unapewa boksi la moto, unatafuta ukuta wa mawe wenye kivuli. Mimi nililibeba langu mpaka bandarini, nikapanda feri ya saa kumi, nikakaa juu upande wa upepo na kulifungua hapo, mafuta ya zeituni yakinitiririka mpaka kwenye kiwiko, na mama mmoja wa Kimalta kwenye benchi la pili akanitazama, akatabasamu, akaninyoshea kitambaa cha karatasi bila kusema neno.